UTULIVU WA NAFSI NA MWANZO WA URAFIKI DARASANI

Kila mwezi wa Januari, katika shule zetu za msingi Tanzania, hukusanywa ndani ya chumba kimoja watoto ambao wengi wao hawajapata kuonana. Mwalimu wa Darasa la Kwanza huwa na mengi ya kushughulikia siku hiyo: orodha ya majina, madawati yasiyotosha, wazazi waliosimama mlangoni. Jambo moja huachwa lijiendee lenyewe, nalo ni hali ya moyo aliyo nayo mtoto anapomtazama mwenzake kwa mara ya kwanza. Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwanachuo kwamba jambo hilo si dogo, kwamba wataalamu wa saikolojia wamelichunguza kwa zaidi ya nusu karne, na kwamba mipango yetu ya siku za mwanzo shuleni mara nyingi huenda kinyume cha yale waliyoyaona.

Maana ya kutulia

Hatuna budi kuanza na neno lenyewe, maana shuleni limepotoshwa kidogo. Mwalimu akisema "Tulieni!" hutaka kimya. Watoto hunyamaza, hukunja mikono, na mwalimu huridhika kwamba darasa limetulia. Lakini yatazame mabega yao. Mtoto aliyeinua mabega karibu na masikio, aliyeing'ang'ania penseli kwa vidole vilivyokakamaa, anayepumua juu juu kifuani, hakutulia hata kidogo, amenyamaza tu. Utulivu tunaouzungumza hapa ni wa ndani. Misuli imelegea, pumzi inashuka hadi tumboni, moyo unapiga kwa mwendo wake wa kawaida, na macho yana nafasi ya kuzunguka na kuona. Mwenye utulivu wa namna hii aweza kuwa anacheka, anaimba, au anagombea kizibo cha soda. Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, ambaye kitabu chake juu ya kulegeza misuli kilitoka mwaka 1929, alishikilia kwamba mashaka ya moyo na mkazo wa misuli havitengani: mtu ambaye misuli yake yote imelegea kweli kweli hawezi papo hapo kuwa na hofu kali. Kwa mwalimu, fundisho hilo lina manufaa makubwa, kwani moyo wa mtoto hauonekani, bali mabega yake yanaonekana.

Waliyoyaona wataalamu

Mwaka 1970 William Griffitt wa Marekani alitoa taarifa ya jaribio lifuatalo. Wanafunzi wa chuo waliulizwa maoni yao juu ya mambo mbalimbali. Baadaye kila mmoja alipewa karatasi yenye majibu ya maswali yale yale, akaambiwa kuwa ni ya mwanafunzi mwenzake asiyemjua. Kwa kweli karatasi hizo zilikuwa zimetayarishwa na mtafiti mwenyewe. Baadhi zilikubaliana sana na maoni ya msomaji, nyingine kidogo tu. Baadhi ya wanafunzi walizisoma katika chumba chenye hewa ya kawaida, na wengine katika chumba chenye joto la kuchosha. Walipoulizwa wangempenda kiasi gani huyo mtu wasiyemwona, waliokaa kwenye joto walimpenda kidogo kuliko waliokaa kwenye chumba cha kawaida. Mwaka uliofuata Griffitt alirudia uchunguzi huo pamoja na Russell Veitch, wakaongeza msongamano: katika chumba kile kile kidogo waliweka mara watu 3 hadi 5, mara watu 12 hadi 16. Joto lilipunguza kupenda, na msongamano nao ukapunguza. Mwanachuo anayejua darasa la watoto 90 chini ya bati saa saba mchana hahitaji kuelezwa zaidi.

Donn Byrne na Gerald Clore walilieleza jambo hili kwa njia rahisi. Hisia njema au mbaya iliyoletwa na kitu kingine kabisa humshika yeyote aliye karibu wakati huo, kama vile khanga iliyowekwa sandukuni pamoja na asumini inavyotoka ikinukia, ingawa yenyewe si ua. Mtu yule hakukutendea lolote. Ulikuwa umechoka, au umestarehe, naye alikuwepo.

Abraham Maslow na Norbett Mintz walikuwa wamekwisha kuliona jambo la namna hiyo mwaka 1956. Waliwaonyesha watu picha za nyuso katika vyumba vitatu: kimoja kizuri, kimoja cha kawaida, na kimoja kibaya kilichofanana na stoo ya mfagiaji. Nyuso zile zile zilionekana zenye uhai na siha zaidi machoni pa waliokaa katika chumba kizuri. Tutairudia habari ya vyumba hivyo, kwa kuwa ina sehemu ya pili inayomhusu mwalimu mwenyewe.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumwacha mwanachuo aamini kwamba mambo yamenyooka kiasi hicho. Katika majaribio ya Griffitt yule mgeni hakuwepo, alikuwa karatasi. Mwaka 1979 Douglas Kenrick na Gregory Johnson waliwaweka wanawake mahali penye kelele za kuudhi, wakagundua tofauti muhimu. Mgeni wa kwenye karatasi alipendwa kidogo zaidi kwa sababu ya kelele, lakini mtu aliyekuwa amekaa hapo hapo, akiiteseka kelele ile ile, alipendwa zaidi. Miaka 20 kabla yao, Stanley Schachter naye alikuwa ameona kwamba wanawake walioambiwa kuwa watapigwa shoti ya umeme walipenda kungoja pamoja na wenzao waliokuwa wakingoja shoti hiyo hiyo.

Kwa hiyo taabu ya pamoja huweza kuunganisha. Kila mwalimu amepata kuona mvua kubwa inapolipiga bati hata sauti yake isisikike: watoto huangaliana, hucheka, na wawili waliokuwa hawasemezani hujikuta wameshikana. Taabu inayotenga ni ile ya mtu mmoja peke yake mbele ya wengi. Tofauti hii ndiyo mwanachuo aishike, kwa sababu katika shule zetu ndiyo tunayoivunja.

Niongeze neno la tahadhari. Si kila jaribio lililopata sifa magazetini limesimama. Mwaka 2008 ilitangazwa Marekani kwamba mtu akishika kikombe cha kahawa moto humwona mwenzake kuwa mkunjufu zaidi. Watafiti wengine waliporudia jaribio hilo kwa watu wengi zaidi, hawakuyapata matokeo hayo. Basi mwanachuo asikimbilie kugawa vikombe vya chai akidhani amekwisha kazi.

Desturi ya kumpokea mgeni

Wazee wetu hawakungoja vyumba vya majaribio. Mgeni akipiga hodi hukaribishwa, hupewa kigoda au mkeka, huletewa maji ya kunywa, kisha huamkiwa kwa maamkizi marefu: habari za nyumbani, za watoto, za safari, za mvua huko utokako. Asiyeielewa desturi hii huona ni kupoteza wakati. Lakini yatazame maamkizi hayo kwa jicho la mwalimu. Ni maswali ambayo majibu yake yanajulikana tangu zamani, wala hakuna awezaye kuyakosa. Hata kama nyumba ya mtu iliungua juzi, jibu la kwanza ni "nzuri", na habari ya moto hufuata baadaye, akishapumua. Kwa dakika kadhaa mgeni hujibu, husikia sauti yake ikitoka salama, huona kuwa wenyeji wameipokea, na mabega hushuka. Ndipo aulizwapo amejia nini. Haja yake, na pengine hata jina lake, huja mwisho.

Shuleni tumeigeuza desturi hii juu chini. Mtoto wa miaka sita au saba, aliyetoka nyumbani asubuhi hiyo akishika nguo ya mama yake, huitwa mbele, husimamishwa peke yake, huambiwa ataje jina lake na kijiji chake, na akitaja kwa sauti ndogo huambiwa, "Sema kwa nguvu!" Hapa hatukumpa kigoda wala maji, na tumemuuliza kwanza lile ambalo mgeni huulizwa mwisho. Ikiwa nyumbani kwao husemwa Kisukuma au Kigogo, naye akatamka neno moja la Kiswahili visivyo, darasa zima hucheka, na kwa muda mrefu ataitwa kwa neno lile.

Madhara hapa ni ya pande mbili. Mtoto anayetetemeka anaziona nyuso sitini, na kutetemeka kwake kunashikamana na nyuso hizo. Huo ni upande tunaouona. Upande wa pili hausemwi sana. Wale sitini nao hawana raha: kila mmoja anangoja zamu yake, na mtu wanayemtazama katika dakika hizo za wasiwasi ni yule aliyesimama mbele. Kwa maoni yangu, hapo ndipo baadhi ya watoto hupata sifa ya kutopendeza kabla hawajatenda lolote. Hesabu yenyewe pia hutushtaki: watoto 90, kila mmoja nusu dakika, ni dakika 45 za kungoja kwa hofu. Tangu mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977, na tena baada ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016, madarasa ya namna hiyo hayakuwa mageni kwetu.

Utoro una sababu nyingi: njaa, umbali, kazi za nyumbani, ukosefu wa sare. Lakini mtoto asiye na hata mwenzake mmoja wa kutembea naye njiani ana sababu moja zaidi ya kubaki nyumbani, na sababu hiyo iko ndani ya uwezo wa mwalimu asiye na fedha wala vitabu.

Hofu haiondolewi kwa maneno

Mwalimu mwenye huruma huona mtoto anaogopa, akamwambia, "Usiogope." Mwaka 1924 Mary Cover Jones, huko Marekani, alichapisha habari za kazi yake na watoto wadogo wenye hofu. Alijaribu njia nyingi. Kumwambia mtoto maneno mazuri juu ya kile anachokiogopa hakukufaa. Dhihaka za wenzake hazikufaa pia. Njia mbili ndizo zilizoleta matokeo ya kutegemewa. Mtoto mmoja wa karibu miaka mitatu, anayejulikana katika vitabu kwa jina la Peter, aliogopa sungura. Jones alimketisha kwenye kiti, akampa chakula anachokipenda, na wakati anakula sungura aliletwa akiwa ndani ya kizimba, mbali kiasi cha kutomkatiza kula. Siku baada ya siku alisogezwa, hata mwishowe Peter akamshika. Njia ya pili ilikuwa kumweka mtoto mwenye hofu pamoja na wenzake wasioogopa, akawaona wakicheza.

Jones alitoa onyo ambalo mwalimu asilisahau. Ukimsogeza sungura haraka mno, badala ya sungura kupata utamu wa chakula, chakula ndicho kitakachopata uchungu wa sungura. Shule yenye uji wa saa nne inayo nafasi nzuri ya kuwakutanisha watoto wakinywa. Lakini ikiwa foleni ya uji ina kusukumana na fimbo, uji wenyewe utachukiwa.

Namna ya kuanza

Mwalimu mmoja niliyemtembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha aliniambia kwamba siku ya kwanza hataki kujua jina la mtoto yeyote. Nilishangaa, kisha nikakaa kutazama. Aliwatoa watoto chini ya mwembe, akawaketisha watatu watatu, na mbele ya kila kundi akamwaga vizibo vya soda, vile vile vya kuhesabia, vya rangi mbalimbali. Aliwaambia wavipange wapendavyo, akanyamaza, akazunguka polepole.

Kwa muda hapakuwa na sauti. Mikono ikaanza kazi. Watoto hawakutazamana, walitazama vizibo, na hilo ndilo lililowasaidia, kwani macho ya wasiojuana hupumzika yakikutana juu ya kitu cha tatu. Baada ya dakika chache zikasikika: "Nipe hicho chekundu." "Weka hapa." "Si hapo." Katika kundi moja mtoto aliyekuwa akilia asubuhi alijenga mstari mrefu hadi kwenye vidole vya miguu ya jirani yake, jirani akaondoa mguu kumpisha. Kabla ya kengele, nikamsikia akiulizwa kwa sauti ya chini, "We unaitwa nani?" Alijibu mara moja, na hakuna aliyemwambia aseme kwa nguvu.

Kwa nini watatu? Wakiwa wawili, na mmoja akanyamaza, wa pili amekwama. Wakiwa wanne hugawanyika wawili wawili. Katika kila kundi awepo mtoto mmoja mchangamfu, lakini wawili waliokwisha kujuana wasiwekwe na mgeni mmoja, maana watamsahau. Mtoto mwenye hofu nyingi na awe karibu na ndugu au jirani yake kwa siku mbili tatu, atamwachia mwenyewe.

Siku ya pili majina yaingie kwa wimbo, jina la kila mtoto likiitwa na kundi zima kwa pamoja, ili mwenye jina alisikie kabla ya kulitamka. Siku ya tatu au ya nne mtoto amtaje mwenzake, asijitaje mwenyewe: "Huyu ni Asha, anapenda kizibo cha bluu." Kumtaja mwingine ni kwepesi kuliko kujitangaza, na aliyetajwa husikia kwamba ameonekana. Kusimama peke yake mbele ya darasa kutakuja, tena ni stadi ya kufundishwa kwa makini, lakini si wiki ya kwanza.

Mwili nao upewe sehemu yake. Dakika mbili zinatosha. Watoto watingishe mikono kana kwamba inadondosha maji. Wawe minazi kwenye upepo. Wawe gunia lililojaa, kisha gunia tupu linaloanguka taratibu. Wapulize unyoya wa kuku usianguke chini. Wafanye wote pamoja, na mwalimu pamoja nao. Madirisha yafunguliwe, na shughuli ya kujuana iwe asubuhi, kabla ya joto na njaa.

Mtoto asiyejua Kiswahili anahitaji kitu kimoja zaidi. Mwalimu akijifunza maamkizi ya nyumbani kwao, "Mwangaluka" kwa Msukuma, "Mbukwenyi" kwa Mgogo, hataivunja lugha ya kufundishia; atakuwa amempa mtoto swali ambalo hawezi kulikosa. Tena awafundishe darasa zima waitikie. Hapo lugha iliyotaka kuchekwa imekuwa mchezo wa wote.

Wanachuo wengine hupenda kuondoa woga kwa mzaha, wakitaja utani wa makabila yetu, ambao huwawezesha watu wa mbali kutaniana siku ya kwanza ya kukutana. Ni kweli utani hulainisha. Lakini watani ni sawa kwa sawa, kila mmoja ana haki ya kurudisha. Mtoto hawezi kumrudishia mwalimu. Mzaha wa mwalimu juu ya jina, nguo au matamshi ya mtoto si utani, ni dhihaka yenye mamlaka nyuma yake.

Walimu wa zamani huuliza kama watoto walioanzishwa kwa raha hawatampanda mwalimu kichwani. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba sheria chache zilizosemwa waziwazi ni sehemu ya utulivu, kwa kuwa mtoto asiyejua kinachoruhusiwa hukaa roho juu. Kinachovunja utulivu ni fimbo iliyolazwa mezani. Hata isipotumika, kila kinachotokea mbele yake, wenzake wakiwemo, kinapata rangi yake.

Wala utulivu peke yake hautoshi. Katika jaribio lile la Griffitt, yule aliyekubaliana na msomaji katika mengi alipendwa zaidi, penye joto na pasipo joto. Utulivu hufungua mlango, kisha watoto hutafuta humo ndani kitu wanachoshirikiana. Basi wakishatulia wapewe kazi ya pamoja ya siku nyingi, kama bustani ndogo ya mchicha au zamu ya kumwagilia mti mmoja kwa kila kundi.

Mwalimu naye ni mgeni

Turudi kwenye vyumba vya Maslow na Mintz. Watu wawili walioendesha uchunguzi ndani ya vyumba hivyo nao walichunguzwa, bila wao kujua. Kwa wiki kadhaa, kila walipofanya kazi katika chumba kibaya waliharakisha kumaliza, walilalamika uchovu na kuumwa kichwa, wakatamani kutoka.

Mwanachuo anapoingia darasani siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, huku mkufunzi ameketi nyuma na karatasi ya alama, ndiye mtu mwenye wasiwasi kuliko wote chumbani. Sauti hupanda, maneno hukimbia, vidole hukandamiza chaki hata ikavunjika. Watoto hawajui habari za alama. Wanachokiona ni mgeni asiye na raha, nao wanakosa raha pamoja naye. Afadhali afike shuleni siku moja kabla, akae uwanjani wakati wa mapumziko bila kufundisha neno, aombe kuonyeshwa kisima au kiwanja cha mpira, amkiwe na kuamkia. Asubuhi yake atakuta nyuso tano au sita zilizokwisha kumwona akiwa hana haraka. Na kabla ya kuandika tarehe ubaoni, ashushe mabega na kutoa pumzi yote.

Kazi ya kufanya

Katika wiki ya kwanza ya mazoezi yako, chagua watoto watatu wasio na wenzao. Kwa siku tano, wakati wa mapumziko, andika kila mmoja alisimama wapi, karibu na nani, na mabega yake yalikuwaje. Usiwaulize chochote. Kisha waweke katika makundi ya vizibo kama ilivyoelezwa, uendelee kuandika kwa siku tano nyingine. Leta daftari hilo kwenye semina, likiwa na siku ambazo hakuna kilichobadilika pia, tulijadili pamoja na swali hili: darasa lako likiwa na watoto 100 na mwembe haupo, utayaketisha wapi makundi 33, na huyo mmoja aliyebaki utamweka na nani?